Milivolti kumi za mzinga wa nyuki: ninavyochagua chipu ya ADC

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza kutengeneza vifaa vya kupimia ni hili: "Fundi, ninunue ADC ya biti ngapi?" Wengine wanakuja na jibu tayari mkononi. Wameona moduli ya biti 24 inauzwa bei ya chini kuliko ya biti 16, wamefurahi, na wanachotaka kwangu ni baraka tu. Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Unapima nini? Badiliko dogo kabisa unalolijali ni kiasi gani? Linatokea kwa kasi gani? Anayeweza kujibu hayo hana haja ya kuniuliza idadi ya biti, maana itajitokeza yenyewe kwenye hesabu. Asiyeweza, hata apewe chipu ghali kuliko zote, ataambulia namba zinazochezacheza kwenye skrini.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia humu: ADC ni kigeuzi, chipu inayopokea volti na kutoa namba. Biti zinasema namba hiyo imegawanywa katika hatua ngapi, na kila biti moja ikiongezeka hatua zinakuwa maradufu. Joto, uzito, mwanga na mkondo wa umeme vinatufikia kama volti inayopanda na kushuka taratibu, na mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja, inaelewa namba peke yake. Mwaka 1954 kampuni ya Epsco ya Marekani ilitoa kigeuzi kilichobuniwa na Bernard Gordon, kikaitwa DATRAC. Kilikuwa na biti 11, kikichukua sampuli, yaani vipimo, 50,000 kwa sekunde, kimejengwa kwa valvu za kioo, kina uzito wa karibu kilo 68 na kinakula wati 500. Leo MCP3208 ya Microchip, biti 12, chaneli nane, sampuli 100,000 kwa sekunde ikipewa volti 5, unaichomeka kwenye bredibodi, ubao wa kuunganishia bila kulehemu, kwa vidole viwili. Nikiishika ile chipu huwa naziwaza zile kilo 68, na naona ni haki kuitumia kwa akili.

Nitaeleza kwa kazi halisi, maana mambo haya yakielezwa hewani hayashiki.

Mzee mmoja mfugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, alitaka mizani ya kupima mizinga yake huko porini. Maneno yake yalikuwa haya: "Mwanangu, sitaki mambo mengi. Nataka nikiwa nyumbani nijue mzinga umeongezeka au umepungua, nisiwe nafungua fungua na kuwasumbua nyuki." Nikamuuliza, mzee, ukiambiwa umeongezeka nusu kilo, inakusaidia? Akasema inatosha sana. Nusu kilo! Hapo ndipo kazi ya kuchagua chipu inapoanzia, kwenye mdomo wa mwenye shida. Mimi nikajiwekea lengo kali zaidi, gramu 100, ili nibaki na nafasi ya kupumua. (Mizani hii ni ya kujua hali ya mzinga tu. Mizani ya kuuzia asali sokoni ni jambo jingine, hiyo lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri.)

Mzinga wa mbao uliojaa nilikadiria kilo 40. Nikachukua seli ya uzito ya kilo 100, ile ya umbo la S inayofaa kuning'inizwa, kwa sababu upepo unatikisa na kuna siku mtu atauegemea. Ndani ya seli hiyo kuna rezista nne zilizofungwa kwa mtindo wa daraja. Ukiipa volti 5, na seli ikiwa ya milivolti 2 kwa kila volti kama zilivyo nyingi, uzito wote wa kilo 100 unakupa milivolti 10. Basi. Kilo moja ni mikrovolti 100, na gramu 100 ni mikrovolti 10.

Sasa weka namba hiyo mbele ya kila chipu uone inavyojibu.

ADC iliyomo ndani ya ATmega328P, ile ya Arduino Uno, ina biti 10. Kwa rejea ya volti 5, yaani volti ambayo chipu inapimia nayo, hatua moja ni milivolti 4.9. Mzinga uliojaa asali unatoa milivolti 4. Yaani mzinga mzima, na nyuki wake, haufikishi hata hatua moja. MCP3208 kwa rejea hiyohiyo ina hatua ya milivolti 1.22, hivyo mzinga mzima ni hatua tatu. Hizi si chipu mbaya. Zinahitaji amplifaya mbele yake, na amplifaya ya kukuza mikrovolti ina kuyumba kwake kwa joto, bei yake, na rezista za kuiwekea kiwango. Zamani ndiyo ilikuwa njia, na INA125 imefanya kazi hiyo kwenye mizani nyingi.

ADS1115 ya Texas Instruments inaanza kuvutia. Ina biti 16, na ndani yake kuna amplifaya unayoipangia kiwango kwa programu. Ukiiweka kwenye kiwango chake kidogo kabisa, chanya na hasi milivolti 256, hatua moja ni mikrovolti 7.8. Kwa mzinga wetu hiyo ni gramu 78. Mtu wa haraka angesema imetosha, lengo ni gramu 100, tufunge kazi. Lakini ADS1115 inajipima kwa rejea yake ya ndani, na haina mguu wa kuipa rejea ya nje. Seli ya uzito, kwa upande wake, inatoa volti kulingana na umeme unaoilisha. Betri ikishuka na volti ya kulisha seli ikapungua kwa asilimia 1, ADS1115 haina habari. Itasoma tu kwamba mzinga umepungua asilimia 1, na kwa kilo 40 hiyo ni gramu 400. Mzee wangu angeamka asubuhi akidhani ameibiwa asali, kumbe ni mawingu yamezuia sola.

Hapo ndipo HX711 ya Avia Semiconductor inapopata heshima yangu, na heshima hiyo haitokani na zile biti 24 zilizoandikwa kwenye tangazo. Chipu hii inalisha seli na kutumia umeme uleule kama rejea. Volti ikishuka, ishara ya seli inashuka, rejea inashuka kwa kiwango kilekile, na namba inayotoka inabaki palepale. Unaweza kujionea mwenyewe. Chukua moduli ya kijani inayouzwa kila mahali, weka multimita kati ya E+ na E−, nukta zinazolisha seli. Mara nyingi hutapata volti 5, utapata kama 4.3, kwa sababu ya rezista mbili zilizomo kwenye moduli zinazopanga volti hiyo. Seli sasa haitoi milivolti 10, inatoa 8.6. Na mizani inasoma uzito uleule. Nikimwonyesha kijana jambo hilo kwa macho yake, huwa haulizi tena biti ngapi.

Tuzungumze hizo biti 24, maana ndizo zinazouza moduli. Kwa ukuzaji wa 128 na volti 5, HX711 inapokea chanya na hasi milivolti 20. Gawanya kwa hatua milioni 16 na ushee, unapata hatua moja ya nanovolti 2.4. Kwa mzinga wetu hiyo ni sehemu ndogo sana ya gramu, sawa na kudai unapima vumbi lililotua juu ya mfuniko. Sasa fungua datashiti, karatasi ya mtengenezaji yenye sifa za chipu, pita ukurasa wa kwanza, tafuta mstari wa kelele. Umeandikwa nanovolti 50 za rms, aina ya wastani wa kelele, ukisoma mara 10 kwa sekunde. Kutoka kilele hadi kilele kelele huwa kama mara sita na nusu ya hapo, yaani nanovolti 330 hivi. Kwa hiyo biti saba za chini zinacheza tu, na ulichobakiwa nacho ni biti 17 zilizotulia. Kwa lugha ya mzinga, ni gramu tatu na kitu.

Gramu tatu! Mzee alitaka nusu kilo. Chipu ya bei ya soda chache inatupa mara mia na zaidi ya tulichoomba. Kwa nini basi mizani nyingi zilizojengwa kwa chipu hii zinayumba kwa gramu mia mbili, mia tatu?

Kwa sababu ya seli. Karatasi ya seli niliyotumia inasema sifuri yake inahama kwa asilimia 0.05 ya uzito wote kwa kila nyuzi 10 za joto. Kwa seli ya kilo 100, hiyo ni gramu 50. Porini Tabora wakati wa kiangazi, tofauti ya alfajiri na saa nane mchana inaweza kufika nyuzi 15 au zaidi, na chuma kilichoachwa juani kinapata moto kuliko hewa. Fanya hesabu mwenyewe. Ungeweka chipu ya biti 32 pale, seli ingeendelea kuhama vilevile. Pesa niliyookoa kwa kutonunua chipu ghali ilienda kwenye kivuli cha bati juu ya seli, na kwenye sensa ya joto ya DS18B20 iliyofungwa kwa utepe kwenye mwili wa seli, ili programu ijue joto na kurekebisha. Na namba inayotumwa kwa simu ya mzee ni ya alfajiri, kabla nyuki hawajatoka na kabla jua halijagusa chuma.

Kuna jambo jingine kwenye datashiti ya HX711 ambalo watu wanaliruka. Ule mstari wa saa, PD_SCK, unaopeleka mapigo ya kuitolea namba biti moja moja, ukibaki kwenye volti ya juu zaidi ya mikrosekunde 60, chipu inalala. Kwa kazi ya sola hii ni zawadi. Seli ya omu 350 kwa volti 4.3 inakunywa miliamperi 12, nyingi kuliko chipu yenyewe ambayo haifiki 2. HX711 ikilala inazima na umeme wa seli. Unaiamsha, unasubiri milisekunde 400 itulie, unasoma, unailaza. Lakini zawadi hiyohiyo ni mtego kwa anayetumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha Linux. Linux inaweza kuiacha programu yako katikati ya kusoma ikaenda kushughulikia mambo mengine, mstari ukabaki juu kupita zile mikrosekunde 60, na namba ikatoka ya ajabu. Nimeona watu wakibadilisha seli, wakibadilisha moduli, wakibadilisha waya, na tatizo liko kwenye muda. Mpe kazi hiyo mikrokontrola mdogo, Pi ipokee matokeo tu.

Rejea

Nimesema neno rejea mara kadhaa na nataka nilikazie, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotezea pesa. ADC haijui volti. Inajua tu ulichoipa ni sehemu gani ya rejea yake. Rejea ikiwa mbovu, biti nyingi ni kama utepe wa fundi cherehani uliovutika: mistari yote ipo, milimita kwa milimita, na suruali inatoka fupi.

Mfano rahisi upo kwenye meza ya kila mwanafunzi. LM35, sensa ya joto, inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Chumba kina nyuzi 30, kwa hiyo milivolti 300. Arduino yako inatumia volti 5 za USB kama rejea, lakini waya wa USB ni mwembamba na kuna vitu vingine vinavyokula umeme, hivyo volti iliyofika ni 4.75. Programu yako bado imeandikwa 5. Utasoma nyuzi 31 na nusu hivi. Kijana anasema ADC ya biti 10 haifai, ananunua ya biti 16, anaifunga kwa rejea ileile ya USB, na sasa anasoma 31.58, kwa uhakika mkubwa zaidi. Kumbe dawa ilikuwa mstari mmoja wa programu: kubadili kwenda kwenye rejea ya ndani ya volti 1.1, upime thamani yake halisi mara moja kwa multimita kwenye mguu wa AREF, uiandike kwenye programu. Hatua inashuka kutoka milivolti 4.9 hadi 1.07, na hujatoa hata shilingi.

Kwa MCP3208 napenda kuiwekea LM4040, chipu ya rejea, ya volti 4.096. Hatua 4,096 kwa volti 4.096, hivyo kila hatua ni milivolti 1 kamili, na ukiangalia namba ghafi kwenye skrini unasoma volti moja kwa moja bila kukokotoa. Raha yake anaijua aliyewahi kutafuta hitilafu usiku.

Na ESP32, mikrokontrola yenye Wi-Fi ndani yake? Naipenda kwa mambo mengi, lakini ADC yake naitumia kujua kama kitu kipo au hakipo, kama betri iko vizuri au imekwisha. Watengenezaji wenyewe wanaeleza kuwa rejea yake hutofautiana kati ya chipu na chipu, kuanzia milivolti 1,000 hadi 1,200. Karibu na ncha za chini na juu za kiwango chake, vipimo vimepinda. Na chaneli za ADC2 huwezi kuzisoma Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Kuna urekebishaji kwenye maktaba yao na unasaidia, ila nikihitaji namba ya kumpa mteja naweka chipu ya nje.

Kinachokuja kabla ya mguu wa kuingilia

Hapa pana jambo linaloniuma, kwa kuwa linapoteza betri za watu. Mtu anataka kusoma betri ya sola ya volti 12. Anaweka rezista mbili za kugawa volti, na kwa kuwa hataki kunyonya betri anachagua kubwa: megaomu 1 juu, kiloomu 220 chini. Anaunganisha ADS1115 kwenye kiwango cha volti 4.096. Anaamini mguu wa kuingilia wa chipu haunywi kitu.

Unakunywa. Datashiti inasema kwenye kiwango hicho ukinzani wa mguu ni megaomu chache tu, kama 6. Zile rezista mbili ukiziangalia kutoka upande wa chipu ni sawa na kiloomu 180. Kiloomu 180 mbele ya megaomu 6 ni kosa la karibu asilimia 3. Betri iliyotulia kwenye volti 12.6, ambayo inakaribia kujaa, inasomeka 12.2, ambayo ni nusu. Sasa kidhibiti kinakata taa saa mbili usiku na mwenye nyumba anaambiwa betri imekufa, akanunue nyingine. Betri nzima kabisa! Punguza rezista hizo mara kumi, kiloomu 100 na 22, kosa linashuka hadi asilimia 0.3, na betri inapoteza miliamperi 0.1 tu, kiasi ambacho yenyewe isingekihisi. Kisha linganisha na multimita na uandike kirekebishi kwenye programu.

Kwenye chipu za aina ya SAR ugonjwa ni uleule ila chanzo ni kingine. Chipu hizi huuliza kwanza kama volti iko juu au chini ya nusu ya rejea, kisha robo, kisha thumuni, hadi biti zote ziishe. Kabla ya kuuliza, inajaza kapasita ndogo ndani yake, ya pikofaradi 14 kwenye ATmega328P. Rezista zako zikiwa kubwa mno, kapasita hiyo haijai kwa wakati, na utaona chaneli moja inaathiriwa na chaneli iliyosomwa kabla yake. Ndiyo maana wanashauri chanzo kisizidi kiloomu 10. Kama lazima utumie rezista kubwa, weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu hadi hasi. Ni kubwa mara elfu saba kuliko ile ya ndani, hivyo inaijaza bila kutetereka. Kwa betri, ambayo haibadiliki haraka, hakuna unachopoteza.

Na tukiwa bado kwa ADS1115: kiwango cha volti 6.144 hakimaanishi unaweza kuiingizia volti 6. Mguu hauruhusiwi kuzidi volti ya kulisha chipu kwa zaidi ya 0.3. Ukiilisha 3.3, mwisho wako ni 3.6. Zaidi ya hapo unaichoma.

Kasi

Kwenye mzinga sikuwa na haraka. Kwenye pampu ya kisima haraka ndiyo kazi yenyewe. Umeme wetu ni wa 50 Hz, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Ukitaka kujua nguvu halisi inayotumiwa na mota, unahitaji volti na mkondo vya wakati uleule. ADS1115 ina kigeuzi kimoja kinachobadilishana kati ya chaneli, na kasi yake ya juu ni sampuli 860 kwa sekunde. Kati ya kusoma volti na kusoma mkondo inapita milisekunde 1.16, na kwenye wimbi la 50 Hz hiyo ni nyuzi 21 za pembe. Mota yenye kipengele cha nguvu (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) cha 0.8 itasomeka 0.96 au 0.53, kutegemea ni chaneli ipi imesomwa kwanza. Biti 16 nzuri kabisa, na jibu ni takataka. MCP3208 ya biti 12, ikienda sampuli 50,000 kwa sekunde, inapishanisha vipimo kwa mikrosekunde 20, ambazo ni chini ya nusu nyuzi. Kwa kazi hiyo biti 12 zinazishinda 16 bila ubishi. Na ukitaka kulala vizuri zaidi, ziko chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya mita za umeme, kama ADE7953 ya Analog Devices, zenye vigeuzi vinavyosoma kwa pamoja. Upande wa volti 230 usiuguse bila kutenganisha kwa transfoma.

Hata kama hupimi umeme wa 50 Hz, wenyewe utakufuata. Unapita kwenye waya wako mrefu kama kelele, na ukichukua sampuli mara 49 kwa sekunde utauona kama wimbi linalopanda na kushuka mara moja kila sekunde, utadhani ni joto linabadilika. Programu haiwezi kuliondoa wimbi hilo baada ya hapo, limeshakuwa sehemu ya namba zako. Ama weka rezista na kapasita mbele ya mguu, ama chagua chipu ya delta-sigma, aina inayosoma haraka mara nyingi na kutoa wastani, hivyo inachuja yenyewe. HX711 inachuja 50 na 60 Hz kwa pamoja. ADS1220, ambayo ndiyo chaguo langu kwa sensa za joto za PT100 na thermokapo, inafanya hivyo ikienda sampuli 20 kwa sekunde, na ina vyanzo viwili vya mkondo ndani yake vya kulisha PT100. Kwa thermokapo ya aina K, inayotoa mikrovolti 41 tu kwa nyuzi moja, chujio hilo ni lazima.

Unachouziwa

Moduli nyingi zinazofika Kariakoo na madukani mtandaoni ni nzuri. Si zote. Nimewahi kuuziwa na duka moja moduli zilizoandikwa ADS1115 ambazo ndani zilikuwa ADS1015, ndugu yake wa biti 12. Anwani ambayo mikrokontrola huiitia chipu ni ileile 0x48, maktaba inakubali, volti zinaelekea kuwa sahihi, huoni kitu. Mpaka uangalie namba ghafi. ADS1015 inasukuma biti zake 12 upande wa kushoto wa rejista ya biti 16 na kuacha nne za mwisho zikiwa sifuri. Kwa hiyo kila namba inagawanyika kwa 16. Kwenye skrini yangu ilikuwa 1,280, 1,296, 1,280, 1,264, ukurasa mzima bila hata moja inayoishia kwa witiri. ADS1115 ya kweli isingekuwa na nidhamu hiyo. Nilirudisha, nikarudishiwa pesa.

Ndiyo maana kila moduli mpya kwangu inapita mtihani kabla haijalehemiwa popote. Naunganisha miguu miwili ya kuingilia pamoja, ili volti kati yake iwe sifuri, naiacha isome mara elfu moja na naandika zote. Tofauti ya kubwa na ndogo ndiyo kelele yake halisi, na inalingana au hailingani na datashiti. Kwa HX711 usiiunganishe miguu hiyo moja kwa moja kwenye hasi, maana chipu inataka iwe angalau volti 1.2 juu ya hasi. Weka rezista mbili sawa za kiloomu 1 kati ya E+ na E−, na katikati yake unganisha A+ na A−, miguu ya ishara ya seli, pamoja. Kisha ipeleke nje juani na iendelee kusoma hadi jioni. Ukichora grafu ya siku hiyo, sehemu inayopanda na kushuka na joto ni ya chipu na moduli. Seli bado hujaifunga, kwa hiyo huna wa kumsingizia. Ukimaliza ifunge seli, tundika kitu kizito kisichobadilika, mimi hutumia ndoo ya mchanga iliyofunikwa mvua isiingie, urudie siku nyingine. Grafu ya pili ukitoa ya kwanza ndiyo seli yako, na hapo utajua shilingi inayofuata uipeleke wapi.

Ukiniandikia kwa swali la chipu, tafadhali ambatisha datashiti ya sensa, urefu wa waya, na umeme utakaoilisha. Nikiwa na hayo naweza kukujibu siku hiyohiyo.